Ganda Ghali au Ganda Rahisi: Hesabu ya Mwindaji wa Upanga

Mkazi wa Upanga, Dar es Salaam, mwenye bunduki halali ya kuwindia, na ndugu huko Toronto au Johannesburg wanaojipakia risasi wenyewe nyumbani, hufika mahali akauliza: niagize maganda ya Lapua, au haya ya Winchester na Hornady yananitosha? Kwa mwindaji, yanatosha, mradi yafanane.

Ganda ndicho chumba cha baruti. Kuta zikiwa nene, nafasi ya ndani hupungua, na baruti ileile huzaa mgandamizo mkubwa zaidi. Katika risasi za .308, ganda la Winchester kwa kawaida ni jepesi kuliko la Lapua, maana yake lina nafasi zaidi ndani. Ukichanganya ya aina zote mbili kwenye boksi moja, kwa kipimo kimoja cha baruti, vichwa vya risasi vitatoka mtutuni kwa kasi tofauti. Kwenye mita 100 huenda usione kitu. Kwenye mita 500 matundu yatatawanyika juu na chini. Tena kuna hatari: kipimo kilicho salama katika ganda jepesi kinaweza kupita kiasi katika ganda zito. Kila ukibadili aina ya ganda, anza tena na kipimo cha chini cha kitabu cha mtengenezaji wa baruti, kisha upande polepole.

Halafu kuna shingo, pale kichwa kinaposhikwa. Unene wake ukizidi upande mmoja, kichwa hukaa kombo kabla hata hujafyatua. Hapo ndipo Lapua ya Finland inapostahili bei yake: shingo zina unene sawa, na tundu la kupitishia moto wa fataki, yaani kiwashio cha baruti, ni safi. Ganda la bei ya chini linaweza kukaribia ubora huo, lakini kazi inakuwa yako: kupima moja moja, kupanga kwa uzito, kutenga yaliyopotoka.

Tufanye hesabu ya mfano tu, si bei ya duka lolote. Ganda la shilingi 2,000 likitumika mara 5, kila mlio umekula shilingi 400. Ganda la shilingi 4,500 likidumu mara 12, kila mlio ni shilingi 375. Kwa hiyo la ghali si lazima liwe ghali. Hesabu hiyo huvunjika likipotea porini, na mwindaji hupoteza mengi. Nyati akiwa mbele yako huangalii ganda limerukia wapi. Anayelenga shabaha za karatasi huokota yake yote. Huyo ndiye mnunuzi wa Lapua.

Mwenye .375 H&H, risasi iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912 na ambayo bado ni kipenzi cha wawindaji wa nyati, awe mwangalifu zaidi. Ganda lake lina mkanda karibu na kitako, na likipakiwa upya vibaya huvutika mbele ya mkanda huo hadi likatike. Ukiona mstari unaong'aa ukizunguka hapo, litupe. Shingo nazo hukakamaa kwa kutumika, kwa kuwa ni shaba iliyochanganywa na zinki, takriban asilimia 70 kwa 30, na zikikakamaa hupasuka.

Sasa gharama inayosahaulika. Ganda tupu lisilo na fataki ni kipande cha metali tu, ila baruti na fataki haziruhusiwi kabisa kwenye mizigo ya abiria wa ndege. Risasi kamili zinaruhusiwa hadi kilo 5 kwa abiria, shirika la ndege likikubali. Nazo zinahitaji kibali cha kuingia nchini. Kupakia risasi nyumbani Dar es Salaam ni kutengeneza risasi, na suala hilo liko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Nenda polisi, kwenye usajili wa silaha, uulize kwa maandishi kabla hujalipia hata mashine ndogo ya kukandamizia. Ukikataliwa, maganda yako mazuri yatakaa kabatini.

Wawindaji wengi wa hapa hupiga ndani ya mita 150, na mapafu ya swala yana upana wa kiganja kilichofunguliwa. Boksi la risasi za kiwandani za toleo moja, darubini iliyofungwa imara, na mazoezi ya kutosha uwanjani vitakupa shabaha zaidi kuliko ganda lolote. Ukibakiwa na fedha baada ya hapo, nunua boksi la pili la toleo lilelile kabla halijaisha dukani.