NDAMA NA KUPE WA MASIKIO

Wasomaji wetu wa Tarime na Serengeti hawana haja ya kuelezwa thamani ya ndama. Ndiye mahari ya kesho na karo ya shule. Lakini wengi hufa kabla ya kutimiza mwaka, na mwenye zizi husema ni bahati mbaya, au jicho la jirani. Twapenda kueleza waliyoyaona wataalamu, maana sababu kubwa ya vifo hivyo yaweza kushikwa kwa vidole sikioni mwa ndama mwenyewe.

Sababu hiyo ni ndigana kali. Kiini chake hakionekani kwa macho, nacho huletwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa masikioni. Akisha kunyonya siku chache, hukitia kiini mwilini pamoja na mate yake. Kwa hiyo kupe aondolewaye mapema huwa hajamaliza kazi yake. Tezi ya chini ya sikio huvimba, homa hupanda, ndama hukohoa, na mwisho povu humtoka puani.

Huko Busia, upande wa Kenya, wako zebu wadogo wenye nundu, jamaa wa hawa wetu. Kuanzia mwaka 2007 wataalamu waliwaandika ndama 548 wa wanakijiji tangu kuzaliwa, wakawarudia kila majuma 5 mpaka walipokaribia mwaka, wakipima uzito na damu. Walikufa kama 16 katika kila 100. Ndigana kali iliua kupita ugonjwa mwingine wo wote, ikifuatwa na minyoo ya tumboni inyonyayo damu.

Habari iliyotustaajabisha zaidi ilitolewa mwaka 2015. Ndama walioingiwa pia na viini vya ukoo mmoja na ndigana kali, ila vipole, walipungukiwa hatari ya kufa kwa ugonjwa huo kwa asilimia 89. Ni kana kwamba mwili umefundishwa vita na adui dhaifu. Ndiyo maana ndama aliyekulia mahali pasipo kupe, akiletwa malishoni mwetu, hufa upesi ijapokuwa amenona.

Chanjo nayo yafuata njia iyo hiyo. Ilitengenezwa Muguga, Kenya: ndama hutiwa viini hai, na saa ile ile hupigwa sindano ya dawa ikaayo mwilini siku nyingi ili ugonjwa usimshinde. Hufanywa mara moja tu, kisha hutiwa hereni. Viini vyake ni vya aina tatu, na mojawapo yaitwa Serengeti.

Lakini wanaolisha karibu na hifadhi wajihadhari. Nyati hubeba viini hivyo bila kuugua, na vya kwake huweza kuishinda hata kinga ya chanjo. Hao waendelee kuogesha na kukagua masikio, na shauri la chanjo walifanye pamoja na Bwana Mifugo.