Kitabu Kimoja, Vijana Watano

Wewe kijana wa kalasi ya sita, jambo hili halijakupata? Unasoma kitabu mara tatu usiku mpaka mafuta ya koroboyi yanaisha. Asubuhi mwalimu anauliza: «Kwa nini ule mama alikasirika?» Kichwa kinakuwa tupu! Unalalamika: «Mwalimu, nilisoma yote!» Ndiyo, ulisoma. Lakini kusoma tena na tena si kurudilia. Kurudilia ni kufunga kitabu, kutafuta ndani ya kichwa chako, kisha kufungua na kuona kama ulisema kweli.

Mwaka jana vijana watano walikuja kwangu siku ya posho, wote na kitabu kimoja tu: L'Enfant noir, cha Camara Laye wa Guinea, kilichotolewa Paris mwaka 1953. Kinasimulia maisha ya mtoto wa mfua chuma wa Kouroussa, mpaka siku anapopanda ndege kwenda Ufaransa. Tulichukua tablo na chaki, tukafanya mambo manne. Hata mwalimu wa kalasi ya watu wengi anaweza kuyafanya.

1. Vipande vya karatasi. Andika tukio moja kwa kila kipande: nyoka mweusi, baba anayeyusha dhahabu, mavuno ya Tindican, usiku wa Kondén Diara, tohara, safari ya Conakry, kifo cha Check, ndege. Changanya. Vijana wavipange bila kitabu, kisha wafungue na kusahihisha. Siku tatu zikipita, rudia.

2. Tafuta ushahidi. Mmoja anasema neno: «Baba anaheshimiwa kwa kazi yake.» Wengine wanatafuta mahali kitabu kinapoonyesha vile. Wetu walipata haraka yule mwanamke aliyeinama miezi mingi akiosha udongo mtoni ili apate dhahabu, kisha akaileta kwa baba. Sisi watu wa migodi tunaielewa kazi ile!

3. Pande mbili. Laye alifanya vizuri kwenda? Upande mmoja ndiyo, mwingine hapana. Kila neno na ukurasa wake. Nusu saa ikipita, badilisheni pande. Kisha kila mtu aandike dakika kumi: wazo, ushahidi, maelezo. Hivyo disertasio inaanza kuzaliwa.

4. Kiti cha maswali. Mmoja anakaa mbele kama mtu wa kitabu, anajibu kwa «mimi». Wengine wanamwuliza.

Ile siku kijana mmoja alikaa kama baba wa Laye. Nilijua habari yake: nyumbani falanga za masomo zilikosa, na baba yake alikuwa amemwambia aache kalasi, aende kuchimba. Mwenzake akamwuliza: «Baba, ule mtoto njo angekusaidia kazi. Sababu gani unamwacha aende?» Akanyamaza sana. Kisha akajibu kwa sauti ya chini: «Nilijua toka zamani kama ataenda. Inaniuma. Lakini ile bahati ni yake, siwezi kuifunga.»

Tukafungua sura ya mwisho. Ni vile baba wa Laye anavyofikiri. Hakuna aliyemfundisha jibu lile.

Usiku huo alimsimulia baba yake hadithi yote, kwa Kiswahili, kando ya mbabula. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja: «Na mama yake, alikubali?» Kijana akalazimika kueleza hasira ya ule mama, na uchungu wake, na kwa nini. Alikuja kuniambia: «Pasta, sasa njo nimeielewa.» Baba naye alikwenda kukopa kwa ndugu yake. Kijana alimaliza mwaka.

Wazazi wapendwa, msiseme: «Sisi hatujui Kifaransa, tutasaidia namna gani?» Mtoto akirudi, mwambieni: «Tusimulie.» Akisimama, ulizeni: «Kisha?» Akimaliza, ulizeni: «Kwa nini?» Maneno haya mawili hayaombi diploma wala falanga.

Na wewe kijana, usingoje wiki ya mtihani wa Serikali. Tafuta wenzako wanne na kitabu kimoja. Kifungeni, muanze kuulizana.