Aleji Haioshwi kwa Sanamaki

Wiki iliyopita mama mmoja aliweka mezani kwangu kifurushi cha sanamaki, majani ya kuharisha. “Daktari, mwanangu akila yai anavimba midomo na kutoka vipele. Nimnyweshe siku ngapi ili tumbo litakate?” Mtoto ana miaka 2. Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, na kila anayeuliza hunikumbusha kwamba sisi madaktari ndio tuliosema aleji inahusiana na tumbo. Ni kweli, tumesema. Lakini hatukusema tumbo ni chafu.

Imani yenyewe ni hii: vipele ni damu chafu, na damu huchafuliwa na mabaki ya chakula yaliyoganda utumboni; ukiharisha vya kutosha, yatatoka. Hakuna mabaki ya namna hiyo. Ngozi ya ndani ya utumbo hujivua na kuota upya kila baada ya siku chache, hakuna pa kugandia. Ule utelezi unaoonekana chooni siku ya pili ya dawa, ambao watu huutaja kama ushahidi, ni ute: utando unaoulinda utumbo. Kilichotoka si uchafu, ni kinga.

Kinachomvimbisha mtoto ni protini ya yai. Mwili wake umeitengenezea kingamwili iitwayo IgE, nayo imejibandika kwenye seli zilizotapakaa ngozini, midomoni na kwenye njia ya hewa. Yai likiingia, seli hizo humwaga histamini ndani ya dakika chache. Sanamaki haigusi IgE, haluli haiigusi, mafuta ya nyonyo hayaigusi. Mtoto akishaharisha siku 3, kingamwili ipo palepale inasubiri yai lijalo.

“Mbona wa jirani alipona?” Vipele vya aleji hunywea vyenyewe, mara nyingi kwa saa chache. Anayekunywa dawa ya kuharisha hupewa uji mtupu, kwa hiyo yai halili. Tena watoto wengi wenye mzio wa yai au maziwa huachana nao wanapokua. Mwili umejiponya, sifa wamepewa majani. Wakati huohuo mtoto mdogo anayeharishwa hupoteza maji na chumvi, potasiamu ikashuka, na moyo ukayumba. Nimewatundikia dripu watoto walioletwa hivyo. Inaniuma, kwa sababu waliowanywesha ni wazazi wanaowapenda.

Tuliposema aleji inahusiana na tumbo, tulimaanisha bakteria wanaoishi humo. Mtu mzima anao wapatao trilioni 38, wengi wakiishi utumbo mpana. Wanachachua nyuzinyuzi tusizoweza kuzimeng'enya na kutoa butirati, asidi inayolisha ukuta wa utumbo na kusaidia kulea seli T za udhibiti, zile zinazoizuia kinga isikishambulie chakula. Mwaka 2014 timu ya Cathryn Nagler, Chuo Kikuu cha Chicago, ilionyesha kwamba panya waliopewa antibayotiki wangali wadogo walipata mzio wa karanga kwa urahisi. Waliporudishiwa bakteria wa kundi la Klostridia, walikingika. Mwaka 2019 timu hiyohiyo ilipandikiza bakteria wa watoto wachanga wenye afya kwa panya wasio na bakteria, na panya hao wakakingwa dhidi ya mzio wa maziwa ya ng'ombe. Bakteria wa watoto wenye mzio hawakuwakinga.

Ukiharisha huchagui nani atoke na nani abaki. Watu wazima walioondolewa choo chote kwa ajili ya kipimo hurudiwa na jamii ileile ya bakteria ndani ya wiki 2 hivi. Na sanamaki yenyewe haiharishi mpaka bakteria wa utumbo mpana waivunje: unawatumia haohao unaotaka kuwafukuza.

Cha kufanya ni hiki. Mtoto apimwe ngozi au damu, na daktari asikilize alikula nini na ikawaje. Aache yai mpaka aelekezwe; asinyimwe vyakula vingine kwa hofu. Aliyewahi kubanwa pumzi au kuzimia awe na sindano ya adrenalini, achomwe pajani upande wa nje papo hapo, kisha hospitali. Vidonge vya aleji havifungui koo linaloziba. Antibayotiki ni kwa cheti tu. Mtindi ni chakula kizuri, si tiba ya mzio, na mwenye mzio wa maziwa asipewe. Nyumba nzima ile kunde, maharage, dona, mboga na matunda. Mdogo wake akizaliwa, anyonyeshwe, na vyakula vya nyongeza vikianza asicheleweshewe yai lililoiva wala karanga zilizosagwa laini. Mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza. Utafiti wa Gideon Lack wa London, uliochapishwa mwaka 2015, ulifuatilia watoto 640 walio hatarini kupata mzio wa karanga. Kati ya wale ambao kipimo cha ngozi hakikuonyesha kitu, walionyimwa karanga hadi miaka 5 asilimia 13.7 walipata mzio. Waliolishwa, asilimia 1.9.

Yule mama nilimrudishia kifurushi chake. Sanamaki ina kazi yake kwa mtu mzima aliyefunga choo. Kwa mtoto wake, jibu la “siku ngapi” ni hili: hata moja.