Baada ya kiharusi (2): Kazi inayobaki nyumbani

Wiki iliyopita tuliona kiharusi kinavyotokea. Leo mgonjwa ameruhusiwa, amerudi kijijini Chekereni, mkono wa kulia umelegea.

Kutoka huku tambarare hadi hospitali ya KCMC ni lazima upite mjini Moshi, na asiyeweza kutembea hupandishwa garini kwa kubebwa. Si ajabu wengi huhudhuria mazoezi mara chache kisha wakakoma. Hata anayehudhuria hukaa na mtaalamu kitambo tu. Saa zote zilizobaki ni zake mwenyewe na watu wa nyumbani.

Na watu wa nyumbani, kwa maoni yangu, huharibu kwa mapenzi. Mama akishaugua, mabinti humlisha, humvisha, humnyang'anya hata kikombe. Kumbe ubongo hujifunza upya kwa kurudiarudia kitendo, na mkono usiotumika huzidi kudorora. Mketisheni wima, ale mwenyewe, hata akimwaga. (Akipaliwa kila anywapo, daktari aambiwe kwanza.) Huku ni kwenye majaruba ya mpunga, mchele haukosekani: mpeni ungo, mkono mzima uushike, vidole vya ule dhaifu viokote mawe na chuya, kimoja kimoja. Zoezi hilo halina nauli. Lengo alichague yeye: huyu atataka kufika mferejini, yule kufunga khanga bila kusaidiwa. Akivaa blauzi, mkono dhaifu utangulie. Akivua, utoke mwisho. Msimwinue kwa kuuvuta mkono huo. Bega likiumia, mazoezi atayachukia.

Presha ndiyo inayonitia hofu zaidi. Kati ya 2003 na 2006, mtafiti Richard Walker na wenzake walifuatilia kiharusi katika wilaya jirani ya Hai na jijini Dar es Salaam. Tofauti za umri zikishasawazishwa, wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa kama 109 kwa kila watu 100,000 huko Hai, na 316 jijini. Popote pale, presha ni chanzo kikuu, nayo haina dozi ya kumaliza kama ya malaria. Mgonjwa husema, "Nimepona, vidonge vya nini tena?" Kiharusi cha pili humkuta hapo. Basi awe na daftari lake: tarehe, kipimo cha presha, vidonge vilivyobaki. Vikikaribia kwisha, atume mtu mapema.

Mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu ghafla, au maneno yakiparaganyika, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama dalili zimepotea.

Wiki ijayo: mgonjwa aliyepoteza usemi.