Bibi akienda London kumhudumia mzazi, mfundishe kadi ya basi siku ya kwanza

Ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu yangu nikiwa kwenye foleni ya uhamiaji, uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimetoka London usiku uliotangulia, baada ya wiki moja ya kumsindikiza mama yangu kwa dada yangu aliyekuwa anajifungua.

"Mwanangu, nipo kwenye basi," mama alisema. Nyuma yake nilisikia sauti ya mashine ikitaja jina la kituo kinachofuata. "Nipo peke yangu. Mtoto amerudishwa hospitali. Nawapelekea mtori."

Nilisimama pale nikiwa na hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mtoto, aliyekuwa na siku tano tu. Ya pili ilikuwa ya mama. Ana miaka 67, ameishi Moshi maisha yake yote, na Kiingereza chake ni cha salamu na bei. Wiki moja kabla, alikuwa hajui hata mlango upi wa basi la London ni wa kuingilia.

Familia nyingi zina ndugu ughaibuni, na binti akikaribia kujifungua, mama yake hukatiwa tiketi akamhudumie. Tunahangaika na viza, sweta na unga wa uji. Tunachosahau ni kwamba akifika atakuwa mgeni katika jiji ambalo basi halipokei fedha taslimu. Asipojua kadi, atakaa ndani miezi mitatu akisubiri mtu wa kumtoa.

Kadi moja, mtu mmoja

Somo letu la kwanza lilikuwa uwanja wa Heathrow. Dada alikuwa ameniambia kwa simu, "Tumia tu kadi yako ya benki, gusisha getini." Nikagusisha, geti likafunguka. Nikamrudishia mama kadi ile ile ili naye apite. Geti likagoma, taa nyekundu ikawaka, na watu wakaanza kujipanga nyuma yetu na masanduku yao.

Kanuni ni kwamba kila mtu mzima anahitaji kadi yake. Mfumo unaihesabu kadi kama abiria mmoja. Ikishaingia, unasubiri itoke kabla ya kuiruhusu iingie tena.

Mama hana kadi ya benki ya kugusisha, kwa hiyo tulimnunulia Oyster kwenye mashine pale kituoni. Hiyo ndiyo kadi ya nauli ya London, iliyoanza kutumika mwaka 2003. Unailipia kadi yenyewe, fedha ambayo hairudi, kisha unaiwekea salio kama unavyoweka vocha kwenye simu. Salio likiisha unajaza tena kwenye mashine za vituo vya treni au kwenye maduka ya mitaani yenye alama ya Oyster.

Kadi ya benki kutoka nyumbani inaweza kufanya kazi, yangu ilifanya. Lakini uliza benki yako kwanza makato ya kuitumia nje ya nchi, maana kuna benki zinazokata ada juu ya nauli. Kwa mzee, mimi napendelea Oyster. Ikipotea, kilichopotea ni salio dogo, siyo njia ya kufikia akaunti yake ya benki.

Basi unagusa mara moja, treni mara mbili

Nyumba ya dada ipo Woolwich, kusini mashariki mwa London. Tulitoka Heathrow kwa treni ya Elizabeth line, iliyofunguliwa mwaka 2022. Inakwenda moja kwa moja, na vituo vyake vyote vina lifti au njia isiyo na ngazi. Kwa mzee mwenye magoti mabovu na masanduku mawili, hilo ni jambo kubwa. Fahamu tu kwamba ukitoka Heathrow kuvuka katikati ya jiji, nauli yake ni zaidi ya mara mbili ya ile ya Piccadilly line, treni ya chini ya ardhi inayopita njia nyingine.

Jioni ile dada, na tumbo lake la miezi tisa, alimkalisha mama mezani. Alichukua sahani kuwa kisomeo cha kadi, akamfundisha.

Kwenye basi, pungia mkono basi likikaribia. Ingia mlango wa mbele, gusisha kadi kwenye duara la njano karibu na dereva, subiri mlio. Basi. Ukishuka hugusi tena, kwa sababu nauli ya basi ni moja, uende kituo kimoja au ishirini. Hakuna konda wa kukukumbusha unaposhukia. Kuna sauti na maandishi yanayotaja kituo kinachofuata, na kitufe chekundu unachobonyeza ili dereva asimame.

Kwenye treni, gusisha unapoingia na gusisha unapotoka. Nauli inategemea umetoka wapi, umefika wapi na ni saa ngapi. Jumatatu hadi Ijumaa, saa 12:30 hadi 3:30 asubuhi, na saa 10:00 jioni hadi saa 1:00 usiku, ndiyo saa za msongamano na safari nyingi za treni huwa ghali zaidi. Usipogusa kutoka, mfumo haujui umeishia wapi, hivyo unakukata nauli ya juu kabisa.

Aliyeanguka kwenye mtihani huo ni mimi, msomi wa familia. Jumapili tulishuka kwenye kituo cha treni ndogo za DLR ambacho hakina geti. Hakuna kilichonizuia, nikatoka zangu nikipiga picha. Mama aliona watu wanagusa kisomeo kilichosimama pembeni, naye akagusa. Nilipoangalia makato kesho yake, safari yangu ilikuwa imenigharimu mara kadhaa ya yake. Hadi leo ananitania.

Ukikosea hivyo, unaweza kuomba kurudishiwa kupitia tovuti ya mamlaka ya usafiri ya London, TfL, au kwa simu yao ya huduma. Usichelewe. Na kadi unayoingilia iwe ndiyo unayotokea. Ukiingia na ya benki na kutoka na Oyster, zote mbili zinahesabiwa kuwa safari ambazo hazikukamilika.

Hesabu ya fedha

Nauli ya basi ilipandishwa kuwa pauni 1.75 mwezi Machi 2023, na kikomo cha mabasi kwa siku kikawa pauni 5.25. Maana yake ukishakatwa mara tatu, mabasi mengine ya siku hiyo hulipi. Angalia bei ya sasa kabla ya safari, lakini utaratibu ndio huo.

Kuna unafuu mwingine ambao wageni wengi hawaujui. Ukishagusa kwenye basi la kwanza, una saa moja ya kupanda mabasi mengine bila kukatwa tena, mradi utumie kadi ile ile. Mama hakuamini. Alipopanda basi la pili na salio likabaki vile vile, alitaka kumwambia dereva kwamba mashine yake mbovu.

Jambo la kuwaambia wazee mapema ni kwamba kusafiri bure kwa waliofikisha miaka 60 ni haki ya wakazi wa London. Mgeni analipa nauli kamili, hata akiwa na mvi kichwa kizima.

Ukienda na watoto

Watoto walio chini ya miaka 11 hawalipi kwenye mabasi. Kwenye treni za chini ya ardhi, DLR, Overground na Elizabeth line, mtu mzima aliyelipa nauli anaweza kupita na hadi wanne wa umri huo bure. Usimnunulie mtoto wa miaka saba kadi. Pita naye kwenye geti pana, lile la masanduku na vigari.

Wa miaka 11 hadi 15 anahitaji Oyster yake. Kabla hajaanza kuitumia, nenda naye kituo cha treni ya chini ya ardhi, mwombe mhudumu amwekee punguzo la mgeni kijana. Beba pasipoti yake kuthibitisha umri. Punguzo hilo linashusha nauli hadi nusu ya ile ya mtu mzima na hudumu hadi siku 14. Lisipowekwa, mtoto anakatwa kama mtu mzima, na mashine haitakwambia.

Mwenye kigari cha mtoto achague basi kila inapowezekana. Vituo vingi vya zamani vya treni ya chini ya ardhi havina lifti, na mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa uzazi hapaswi kubeba kigari kwenye ngazi. Basi lina nafasi ya kigari katikati. Akija abiria mwenye kiti cha magurudumu, nafasi ni yake, na huenda ukaombwa ukunje kigari chako.

Asubuhi ya mtori

Dada alijifungua Jumatatu kwa upasuaji, akaruhusiwa Jumatano. Mimi niliondoka Ijumaa jioni. Usiku huo mama, aliyelea watoto watano, alimtazama mjukuu na kusema weupe wa macho yake si mweupe.

Hapa niseme kama mwandishi wa afya. Watoto wachanga wengi hupata manjano siku za mwanzo, na kwa wengi hupungua yenyewe. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, usisubiri rangi ya ngozi ibadilike. Tazama weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Manjano yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au mtoto akiwa mlegevu, anagoma kunyonya na ni vigumu kumwamsha, mpeleke hospitali wakati huo huo.

Mjukuu alikuwa ananyonya kwa uvivu. Wakapiga simu, wakaambiwa wamlete, akapimwa damu, akalazwa chini ya mwanga wa buluu, tiba inayosaidia mwili kuondoa kile kinacholeta manjano. Shemeji alibaki nao kwa sababu dada alikuwa hawezi hata kuinuka kitandani bila kushikwa.

Alfajiri shemeji alipiga simu nyumbani. "Mama, nakuja kukuchukua."

"Baba, usimwache mke wako," mama alimjibu. "Nitakuja mwenyewe. Niambie mabasi tu."

Alimtumia namba mbili za mabasi na picha ya kituo cha kubadilishia. Mama alizinakili kwenye karatasi kwa kalamu, herufi kubwa, na jina la hospitali chini yake. Alipika mtori kwa ndizi tulizonunua sokoni Alhamisi, akautia kwenye chupa ya chai, akavaa koti la shemeji juu ya kanga na kutoka. Alipogusisha kadi, alinieleza baadaye, aliutambua mlio kabla hajaona taa.

Kwenye basi la kwanza alinitumia ule ujumbe. Kwenye kituo cha kubadilishia alimwonyesha msichana mmoja karatasi yake, naye akamwonyesha upande wa barabara wa kusubiria. Alifika wodini kabla ya chai ya saa nne. Dada aliniambia kwamba alilia alipomwona mlangoni, maana alikuwa hajala tangu jioni na hakutegemea mtu.

Mtoto alitibiwa, wakarudi nyumbani Jumatatu.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, au wewe unayempokea mama yako huko, tenga saa mbili ndani ya siku tatu za kwanza. Mnunulie kadi, muwekee salio la kutosha wiki nzima ili asione aibu ya kuomba. Panda naye basi kwenda sokoni na kurudi. Safari ya pili mwache yeye atangulie, wewe kaa kiti cha nyuma. Mwandikie kwenye karatasi anwani ya nyumbani, namba ya basi la kwenda na la kurudi, na namba yako ya simu, kwa sababu simu huzima. Muonyeshe kituo cha upande wa pili wa barabara, maana magari ya kule yanapita kushoto kama huku kwetu, lakini mgeni kwenye baridi na giza la saa kumi jioni hupotea upande.

Mama alikaa miezi mitatu. Alikuwa akitoka karibu kila siku, mara sokoni, mara kanisani, mara kuzunguka tu na basi la ghorofa akiwa kiti cha mbele juu. Dada anasema ndiyo maana hawakugombana.

Siku ya kuondoka alitaka kunirudishia kadi kama kumbukumbu. Dada akakataa. Oyster ya kawaida isiyo na punguzo la mtu inaweza kutumiwa na mtu mwingine, na salio lake haliishi muda. Ipo kwenye droo ya jikoni, pamoja na ile karatasi ya herufi kubwa. Mwezi Agosti anakwenda mama yake shemeji.