'Boi' ana umri gani? Msamiati, wahusika na maudhui ya riwaya ya Mine Boy

JUMA lililopita nilialikwa chakula cha mchana nyumbani kwa rafiki yangu. Tulipofika langoni, mtoto wa miaka saba hivi alipaaza sauti: "Shamba boi, fungua geti!" Akatoka mzee mwenye mvi, kofia mkononi, akatufungulia na kutuamkua kwa adabu. Alikuwa wa umri wa babu yake yule mtoto. Hakuna aliyeshtuka. Hata mimi niliyezoea kuwasahihisha watu 'ndivyo' na 'sivyo' sikusema neno. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Usiku ule niliitoa kabatini riwaya ya Mine Boy yake Peter Abrahams. Mpenzi msomaji, hebu tuipitie pamoja leo, tukianza na neno hilo hilo lililo kwenye jalada.

Mwandishi na wakati wake

Abrahams alizaliwa mwaka wa 1919 huko Vrededorp, Johannesburg. Baba yake alitoka Ethiopia. Aliihama Afrika Kusini mwaka wa 1939, na Mine Boy ikachapishwa jijini London mwaka wa 1946. Mnamo Oktoba 1945 alikuwa miongoni mwa waliohudhuria Kongamano la Umajumui wa Afrika mjini Manchester, pamoja na Jomo Kenyatta na Kwame Nkrumah. Baadaye riwaya hii iliingizwa katika msururu wa African Writers Series ikiwa nambari sita. Nambari saba ni Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o.

Wanafunzi wengi hukosea hapa. Huandika kwamba Mine Boy inahusu utawala wa apartheid. Sivyo. Chama kilicholeta sera hiyo kilishika hatamu mwaka wa 1948, miaka miwili baada ya riwaya kutoka. Maonevu tunayosoma humu yalikuwepo tayari, yakilindwa na sheria za pasi na desturi za kazi. Makaburu waliyapa jina jipya na kuyakaza zaidi.

Kisa kwa ufupi

Xuma, kijana mwenye nguvu kutoka kaskazini, anafika Malay Camp jijini Johannesburg usiku wa manane, hana pa kulala. Leah anampa chakula na kitanda. Anapata kazi katika mgodi wa dhahabu na kufanywa msimamizi wa kundi la wachimbaji chini ya Mzungu aitwaye Paddy. Anampenda Eliza, mwalimu ambaye moyo wake umetekwa na maisha ya Wazungu, huku Maisy akimpenda yeye. Mwishowe ajali ya mgodini inawaua Johannes na bosi wake Chris. Wasimamizi wanataka watu washuke tena. Xuma anakataa.

Msamiati

Sasa tuje kwenye maneno. Tungeitafsiri Mine Boy vipi? Wengi wangekimbilia 'Kijana wa Mgodini'. Tafsiri hiyo ni tamu mno. 'Kijana' lina heshima yake; kijana kesho ni mzee. Lile neno la Kiingereza walilobandikwa Waafrika halikuwa na kesho. Mtu mweusi aliitwa hivyo akiwa na miaka 20, akaitwa hivyo akiwa na wajukuu. Kiswahili kililikopa likawa 'boi', mtumishi wa nyumbani, na likaja na tusi lake ndani. Kwa hiyo 'Boi wa Mgodini' inauma zaidi, nayo ndiyo iliyo karibu na ukweli.

Tazama pia cheo cha Xuma. Katika migodi ile msimamizi mweusi aliitwa 'bosi boi'. Bosi, lakini boi! Kiswahili kina neno zuri la 'nyapara', ila ukilitumia hapa umemfichia msomaji kinaya chote. Xuma anaamrisha wanaume wazima, na mbele ya Mzungu yeyote anarudi kuwa mtoto.

Neno jingine ni pasi, karatasi iliyomruhusu Mwafrika kuwa mjini. Sisi hatuhitaji tafsiri. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaume Waafrika nchini Kenya walilazimishwa kubeba kipande, kikining'inia shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Mpaka leo utasikia mtu akisema, "Nimepoteza kipande," akimaanisha kitambulisho. Chuma kiliondoka shingoni, neno likabaki mdomoni.

Wahusika

Leah ni mgema na muuzaji wa pombe iliyopigwa marufuku. Kwa lugha ya mitaani tungemwita mama pima. Yeye si mhalifu tu kama sheria inavyodai. Anafukia pombe ardhini, anawahonga polisi kwa habari, na papo hapo analisha wasio na kwao. Anapofungwa miezi tisa, nyumba nzima inapoteza nguzo.

Daddy anaonekana mlevi asiye na maana, kichekesho cha mtaa. Kisha tunaambiwa kwamba zamani alikuwa mtu wa kuheshimiwa, mwenye elimu, aliyesimama kuwatetea watu wake. Mwanafunzi asimpite haraka. Kwa Daddy, mwandishi anaonyesha jiji linavyoweza kumla mtu akiwa bado hai.

Johannes ni wawili katika mmoja. Akilewa hujigamba kwa jina lake kamili na kutaka ugomvi. Asipolewa ni mpole kama kondoo. Ujasiri wake wa kweli hauonekani ila siku ya ajali, yeye na Chris wanapoyatoa maisha yao ili wengine watoke.

Eliza naye asihukumiwe kwa pupa. Anavitamani vitu vya Wazungu, na anajichukia kwa kuvitamani. Pengine jibu lake liko kwa Daktari Mini, Mwafrika mwenye nyumba nzuri, asiyekubali kwamba maisha mazuri ni mali ya Wazungu.

Maudhui

Ubaguzi unatokana na kitenzi 'bagua', yaani kutenga. Riwaya inaonyesha utengano huo katika mtaa, mshahara na kazi. Lakini maudhui yanayonigusa zaidi ni thamani ya jasho. Siku ya kwanza Xuma anashangaa: wanasukuma vigari kutwa nzima na lile rundo la udongo halionekani kukua wala kupungua. Yuko pia mchimbaji anayekohoa damu na kuficha ugonjwa wake, kwa kuwa bado anadaiwa pesa za shamba. Mgodi unatoa dhahabu, wachimbaji hawaioni.

Wapo wanaomlaumu Abrahams kwamba kamfanya Paddy, Mzungu, kuwa mwalimu wa Xuma. Lawama hiyo ina uzito. Paddy ndiye anayemhimiza awe mtu kwanza, rangi ije baadaye. Hata hivyo, soma tena ile siku ya mgomo. Anayetamka kwanza kwamba mahali parekebishwe ndipo washuke ni Xuma. Paddy anakuja kusimama upande wake. Halafu Paddy anakamatwa. Xuma anatoroka, kisha anaamua mwenyewe kwenda kujisalimisha, asimwache mwenzake peke yake. Hakuna aliyemwamuru. Hapo boi amekwisha.

Wala mgomo huo haukuwa ndoto tu ya mwandishi. Mnamo Agosti mwaka huo huo wa 1946, makumi ya maelfu ya wachimbaji Waafrika waligoma kwelikweli, na wengine wakauawa.

Kwa Kiingereza, kinyume cha neno lile ni mwanamume aliyekomaa. Kwa Kiswahili nadhani kinyume cha 'boi' ni 'mtu', na wahenga walisema mtu ni utu. Nikitafsiri riwaya hii siku moja, sentensi ya Paddy itakuwa fupi: uwe mtu kwanza.

Nilimpigia rafiki yangu simu kumuuliza jina la yule mzee. Alinyamaza kidogo, akasema, "Ngoja nimuulize." Ameajiriwa pale miaka minne sasa.

Juma lijalo tutajadili maneno mengine ya kazi za nyumbani na historia yake. Wewe mwenye geti, kabla ya siku hiyo, tafadhali uliza jina.