Je, Wajua? Babu wa Usangu aliyetoka Makran

Ukishuka Chimala kununua mchele, jua kwamba miongoni mwa walioeneza mpunga wa kumwagilia katika bonde la Usangu ni Wabaluchi, watu ambao asili yao ni Makran, pwani ambayo leo imegawanywa kati ya Iran na Pakistan. Masultani wa Omani waliwaajiri kama askari, wakawaleta Zanzibar. Baadhi waligeukia biashara ya pembe za ndovu, wakaingia bara, na katika karne ya 19 wakafika kwa Chifu Merere wa Wasangu, aliyehitaji bunduki zao dhidi ya Wahehe.

Kumsaka babu wa aina hiyo ni kibarua. Kule Marekani, anayemtafuta mlowezi wa zama hizo hufungua sensa ya 1850, ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru katika kaya (watumwa waliorodheshwa kando, bila majina). Usangu hakukuwa na daftari. Kuna kitabu cha safari cha Mwingereza Frederic Elton, aliyepita kwa Merere mwaka 1877, na kuna mnyororo wa majina: fulani bin fulani bin fulani. Lakini mnyororo huo huhesabu akina baba tu! Wengi walioa Wasangu, hivyo habari za upande wa bibi huulizwa kwa wazee wa Rujewa na Utengule. Ukishamalizana nao, njia yaelekea Makran kwenyewe, ambako bandari ya Gwadar ilikuwa mali ya Omani hadi ilipouzwa kwa Pakistan mwaka 1958.